Siku tisa, watoto watatu na bibi: tuufuate Mississippi mpaka wapi?

*“Tunaishi Brooklyn Park, Minnesota, mimi, mume wangu na watoto watatu (miaka 5, 9 na 14). Mama mkwe yuko nasi tangu Mei, amekuja kututembelea kutoka Tanga, na Septemba anarudi. Mume wangu amepata likizo ya siku tisa katikati ya Julai, na ameshika wazo moja: tuanzie chanzo cha Mto Mississippi kule Itasca, tuufuate kwa gari mpaka New Orleans, kisha turudi. Anasema simu inaonyesha saa 22 tu kwenda, na kwamba watoto waone kule kusini historia ya watu weusi wa nchi hii. Mimi nina hofu. Mama ana presha na sukari, anachoma insulini. Mdogo hajui kuogelea. Kila mwaka nasikia mafuriko. Gari letu ni Sienna ya 2011. Na kusema kweli naona tutashinda ndani ya gari tu. Nimkatalie, au kuna namna?”*

Dada yangu, usimkatalie shemeji kabla hujanisoma mpaka mwisho. Wazo lake ni zuri, urefu wake ndio unaosumbua. Katika hofu ulizozitaja, mafuriko ni madogo kuliko unavyodhani, na maji ya kawaida ya mto ni hatari kuliko unavyodhani. Lile la mwisho, ulilolisema kama kwa aibu kwamba mtashinda ndani ya gari, ndilo zito kuliko yote.

Tuanze na hesabu ya simu. Saa 22 ni za kweli, ila ni za barabara kuu za shirikisho: kutoka Itasca kushuka Minneapolis, kukatiza mashamba ya mahindi ya Iowa hadi St. Louis, Memphis, mpaka New Orleans. Ni takriban maili 1,450, yaani zaidi ya kilomita 2,300. Njia hiyo inakutana na mto mara chache mno, na watoto watauona kwa muda ule ule wa kuvuka daraja. Kutoka New Orleans kurudi nyumbani ongeza saa nyingine 18 au 19. Hapo mmeshapita saa 40 za usukani bila kusimama kwa choo, chakula, sindano ya mama wala mtoto wa miaka mitano aliyechoka kufungwa mkanda. Zigawe kwa siku tisa uone zinabaki ngapi za kutalii.

Shemeji huenda ameona pia vibao vya kijani vyenye picha ya usukani wa meli, akadhani ukivifuata unateremka na mto moja kwa moja. Vibao hivyo ni vya Great River Road, mpango ulioanza mwaka 1938. Hiyo si barabara moja. Ni mkusanyiko wa barabara za majimbo na za wilaya zinazopita majimbo 10 kwenye kingo zote mbili, na ukizijumlisha zinakaribia maili 3,000. Zinapita katikati ya vijiji ambako mwendo ni maili 25 au 30 kwa saa. Kwa familia yenye watoto mimi hupiga hesabu ya maili 35 kwa saa, na sijawahi kulaumiwa kwamba nimewachelewesha watu.

Sasa kuna jambo ambalo ramani haikuonyeshi, na ndilo linaloamua safari yenu. Kwa msafiri wa gari, Mississippi ni mito miwili.

Mto wa kwanza ni wa juu, hasa kipande cha kutoka St. Paul mpaka Dubuque, Iowa. Eneo hilo lina bahati ya kijiolojia. Barafu kuu zilizolainisha sehemu kubwa ya kaskazini ya Marekani zililizunguka, hazikulifunika mara ya mwisho, kwa hiyo vilima na majabali yake yalibaki yamesimama. Barafu ilipoyeyuka, ziwa kubwa mno lililokuwa kaskazini, ambalo wanajiolojia huliita Agassiz, lilimwaga maji kupitia bonde hili kwa maelfu ya miaka na kulichimba. Ndiyo maana leo mto unapita kwenye bonde pana kuliko unavyolihitaji, huku majabali ya futi 500 yakiinuka pande zote mbili. Barabara haikupata pengine pa kupita ila katikati ya jabali na maji. Ukiwa kwenye barabara ya 61 upande wa Minnesota, au ya 35 upande wa Wisconsin, mto uko hapo dirishani, maili baada ya maili.

Binadamu naye ameongeza lake. Mwaka 1930 bunge la Marekani liliamua kwamba mto wa juu uwe na njia ya meli yenye kina cha futi 9 wakati wote. Jeshi la Wahandisi likajenga mabwawa na malango ya meli, na leo yako 29 kati ya Minneapolis na eneo la St. Louis. Kila bwawa limeyatuliza maji nyuma yake yakatanda, yakafanya visiwa, vinamasi na vidimbwi wanakoishi tai, mwari weupe na kasa.

Mto wa pili huanza Cairo, kusini kabisa mwa Illinois, Mto Ohio unapoingia. Kuanzia hapo hakuna bwawa wala lango la meli. Kuna tambarare, na mto mkubwa uliozoea kuhamahama. Baada ya mafuriko ya mwaka 1927, yaliyowahamisha mamia ya maelfu ya watu, wengi wao wakulima weusi, serikali ilipitisha sheria ya mwaka 1928 na kuujengea mto matuta marefu ya udongo pande zote. Matuta hayo yanaokoa miji, na pia yanauficha mto. Unaweza kuendesha nusu siku katika jimbo la Mississippi, kibao cha usukani kikikuambia uko kwenye Barabara ya Mto Mkuu, na usione tone. Kuna pamba, soya, na kwa mbali tuta lenye majani. Mto uko nyuma yake.

Ongeza hali ya hewa. Julai Memphis na New Orleans hufika nyuzi 33 kwa kawaida, na unyevu unaofanya jasho lisikauke. Mama wa Tanga atasema joto halimtishi, lakini Tanga kuna upepo wa bahari na hakuna gari jeusi lililoegeshwa juani. Tena msimu wa vimbunga vya Ghuba ya Meksiko huanza tarehe 1 Juni na kuishia Novemba. La Crosse, Wisconsin, siku hizo hizo za Julai huwa nyuzi 28 au 29, na jioni hupoa.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mfuate nusu ya juu tu, muifuate kwa utulivu, na kusini muende kwa safari nyingine ya msimu mwingine.

Kwenu nyinyi jambo hili ni rahisi kuliko kwa familia nyingine yoyote, maana Brooklyn Park iko kando ya mto wenyewe. Igawanyeni likizo vipande viwili, nyumba yenu ikiwa katikati. Siku tatu za kwanza nendeni Itasca, saa nne hivi kwa gari, mlale huko siku mbili. Rudini nyumbani, mfue nguo, mama alale kitandani kwake, mpime presha na sukari. Kama amechoka sana, mmejua mapema, na mko nyumbani. Kama yuko vizuri, teremkeni St. Paul hadi Dubuque kwa siku nne. Hizo ni takriban maili 250 tu za mtoni, na kurudi mtapita barabara ya 52 kupitia Rochester kwa saa tano hivi. Inabaki siku moja au mbili ambazo sizipangii kitu. Mtazihitaji, na mkikosa kuzihitaji mtapumzika kabla shemeji hajarudi kazini.

Itasca ni mahali ambapo mtoto wa miaka mitano anaelewa maana ya mto kuliko profesa atakavyomweleza. Mississippi hutoka ziwani kwa upana wa futi kama 20, na mnauvuka kwa miguu juu ya mawe. Kijana wako wa miaka 14 mwambieni kwamba Mmarekani anayesifiwa kwa kukipata chanzo hicho mwaka 1832, Henry Schoolcraft, alipelekwa pale na Ozaawindib, kiongozi wa Waojibwe ambaye hakuhitaji kukivumbua kwa sababu ndiko kwao. Inasemwa tone la maji likitoka hapo huchukua miezi mitatu hivi kufika baharini. Naomba jambo moja tu: mama asivue viatu. Mawe yale yanateleza, na mwenye sukari akijikwaruza unyayo anaweza asisikie maumivu, kidonda kikaja kuonekana baada ya siku kadhaa. Mnunulie viatu vya mpira vya kuingilia majini, na jioni mtazameni miguu.

Hoja ya shemeji kuhusu historia ni ya haki, na mto wa juu unayo majibu yake mlangoni penu. Ngome ya Fort Snelling iko pale Mto Minnesota unapoungana na Mississippi, mahali panapoheshimiwa sana na Wadakota. Ndiko alikoletwa Dred Scott akiwa mtumwa wa daktari wa jeshi, miaka ya mwisho ya 1830, ingawa utumwa ulikuwa umepigwa marufuku katika eneo hilo kwa sheria. Alimwoa Harriet Robinson hapo, na binti yao Eliza alizaliwa ndani ya meli ya mvuke juu ya mto huu huu. Kuishi kwao pale ndiko kulikowapa hoja ya kudai uhuru mahakamani, na Mahakama ya Juu ikawakatalia mwaka 1857 kwa hukumu iliyosaidia kuisukuma nchi kwenye vita. Uwanda wa chini ya ngome hiyo ndiko walikofungiwa familia za Wadakota katika majira ya baridi ya 1862 kuingia 1863. Kijana akikaa hapo asubuhi moja na baba yake, atakuwa na mengi ya kuuliza.

Kuteremka kutoka hapo msikimbilie majina mengi. Simameni Wabasha kwenye kituo cha tai, kilicho ndani ya jengo lenye kiyoyozi, ambako tai waliojeruhiwa wasioweza kuruka tena hutunzwa na kuonyeshwa kwa karibu. Kabla ya hapo mtakuwa mmepita Ziwa Pepin, ambalo kwa kweli ni mto uliopanuka. Mto Chippewa ulileta mchanga mwingi kuliko Mississippi ulivyoweza kuubeba, mchanga ukaziba, maji yakarudi nyuma yakatanda kwa maili zaidi ya 20.

Wabasha vukeni daraja mwingie Wisconsin, mteremke hadi Alma. Hapo nitawaomba mpoteze muda makusudi. Kuna jukwaa la kutazamia lango la meli namba 4. Chumba cha saruji kina urefu wa futi 600, na msafara wa matishari 15 yaliyofungwa pamoja na kusukumwa na boti moja hukaribia futi 1,200. Hauingii. Mabaharia hufungua matishari tisa ya mbele, huyapitisha kwanza, kisha boti na yaliyobaki, halafu huyafunga tena upande wa pili. Kazi hiyo huchukua saa moja na nusu au zaidi. Mtoto wa miaka tisa atasimama hapo bila kuomba simu, na bibi aliyezoea kuona matishari bandarini Tanga atakuwa na la kumsimulia. Chukueni viti vya kukunja na mwavuli wa jua.

La Crosse laleni siku mbili. Juu ya kilima cha Grandad Bluff gari linafika karibu kabisa na kileleni, kwa hiyo mama hatapanda ngazi, na siku yenye anga safi mnaona majimbo matatu. Isitoshe, mji huu una hospitali kubwa, na kwa mgonjwa wa sukari napenda kituo kirefu cha safari kiwe mahali pa namna hiyo.

Kusini zaidi, upande wa Iowa, kuna Effigy Mounds, hifadhi ya matuta ya udongo zaidi ya 200 ambayo wenyeji wa kale waliyafinyanga, mengine kwa umbo la dubu na la ndege. Njia ya kwenda juu ni mlima mkali. Baba na wakubwa wapande, wewe, mama na mdogo mbaki kituoni. Kisha wote muende Pikes Peak iliyo karibu (ya Iowa, si ile ya Colorado), ambako pa kuegesha gari pako jirani na ukingo wa kutazamia. Ng’ambo mtaona Mto Wisconsin ukiingia Mississippi. Wafaransa Marquette na Jolliet walitokea hapo kwa mitumbwi tarehe 17 Juni 1673. Dubuque mmalizie na jumba la makumbusho ya mto lenye samaki hai, kambare wa huko wanatisha, na kile kigari cha kamba kinachopanda mlima tangu karne ya 19.

Sasa hofu zako. Mafuriko unayoyasikia kwenye habari mara nyingi ni ya Aprili na Mei, theluji inapoyeyuka. Huweza kutokea majira ya joto pia, mwaka 1993 yalifika Julai na yalikuwa mabaya sana, lakini mto mkubwa namna hii haupandi kwa saa moja. Sisi tuliozoea Msimbazi, ambao mvua ya usiku mmoja huufikisha kwenye madirisha ya watu, tunauogopa mto wowote kwa kipimo hicho. Mississippi hupanda kwa siku kadhaa, na Idara ya Hali ya Hewa ya Taifa hutangaza kimo cha maji na utabiri wake mji kwa mji. Mtazame siku tatu kabla ya kuondoka. Pa kuogopa ni vijito vya pembeni, vile vinavyoshuka kati ya majabali: mvua kubwa ya radi huweza kuvifurisha ghafla na kufunika barabara. Maji ya inchi 12 yanayotembea yanatosha kulibeba gari dogo, na futi mbili hubeba magari mengi. Shemeji akiyaona barabarani usiku, ageuze gari, hata kama lililo mbele limepita.

Kuogelea ndiko ninakokaza. Mto unaoonekana umetulia una mkondo chini, na njia ya meli huchimbwa, kwa hiyo unaweza kuwa kwenye fungu la mchanga maji yakiwa magotini, hatua ya pili hakuna chini. Msafara wa matishari ukipita huvuta maji ya ufukweni kwanza, kisha huyarudisha kwa wimbi. Sehemu mbaya kuliko zote ni chini ya bwawa, ambako maji yanayoanguka hujizungusha na kumrudisha mtu ukutani hata akiwa hodari wa kuogelea. Watoto wako waogelee kwenye ufukwe uliotengwa wa Ziwa Itasca na kwenye mabwawa ya hoteli, mtu mzima akiwa majini nao, si kwenye kiti na simu. Kokote penye maji wazi mdogo avae jaketi la kuokolea lililothibitishwa na Walinzi wa Pwani wa Marekani na linalomkaa mwilini. Maboya ya kupuliza ya mikononi ni ya kuchezea tu. Mkikodi boti, sheria ya taifa inataka mtoto aliye chini ya miaka 13 avae jaketi boti ikitembea.

Kuhusu mama, hapa naomba msinitegemee mimi. Apelekwe kwa daktari wiki mbili kabla, aulizwe mambo matatu: dawa zake za presha zinapunguza maji mwilini kiasi gani wakati wa joto, insulini ibadilishwe vipi siku za kula ovyo, na kukaa garini kunamfaa kwa muda gani. Safari ya kukaa zaidi ya saa nne huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, hasa kwa mtu mzima. Njia niliyokupangia inawaruhusu kusimama kila dakika 60 au 90, na hiyo ni sababu nyingine ya kuipenda. Insulini isikae garini mnaposhuka. Gari lililofungwa juani huongezeka joto kwa nyuzi 11 hivi ndani ya dakika kumi. Wala isigusane na barafu kwenye sanduku la vyakula, maana ikiganda imeharibika. Izungushieni taulo.

Akivimba mguu mmoja ukamuuma, akibanwa kifua au pumzi, akianza kuongea mambo yasiyoeleweka huku mwili umewaka, msitafute hoteli wala ushauri wa ndugu kwenye WhatsApp. Pigeni 911. Kwa sheria, chumba cha dharura cha hospitali karibu zote za nchi hii lazima kimpime na kumtuliza hata asipokuwa na bima, lakini bili itakuja, na huwa kubwa. Kama hamjamkatia bima ya wageni, ulizeni sasa, na someni kwa makini inasemaje kuhusu magonjwa aliyokuja nayo, kwa sababu nyingi huyaondoa au huyawekea masharti. Mama abebe pasipoti yake halisi na karatasi ya I-94, ile rekodi ya kuingia kwake nchini. Hamvuki mpaka wowote, lakini yeye ni mgeni na awe na vitambulisho vyake. Mkiwa na swali lolote juu ya tarehe zake za kukaa, hilo ni la wakili wa uhamiaji, mliulize kabla ya kuondoka.

Kuna njia ya tatu ambayo familia nyingi hazijui. Treni ya abiria kutoka St. Paul kwenda Chicago hupita Red Wing, Winona na La Crosse ikiambaa na mto. Wewe na mama mnaweza kupanda St. Paul, mkanyoosha miguu na choo kipo, shemeji akaja na watoto kwa gari, mkakutana La Crosse. Kasoro yake ni kwamba treni za masafa marefu huchelewa, na mtapishana na Alma mkiwa ng’ambo ya mto. Ningeichagua kama daktari atasita kuhusu gari.

Mambo madogo nitayapita haraka. Julai kuna usiku ambapo wadudu wa mtoni huibuka kwa mamilioni na kufuata taa, kiasi cha kuonekana kwenye rada ya hali ya hewa. Waliokulia Mwanza au Kisumu wanajua mawingu kama hayo ya ziwani. Hawaumi, ila hufanya madaraja yateleze, kwa hiyo punguzeni mwendo. Treni za mizigo hupita kando zote mbili za mto usiku kucha zikipiga honi, basi mnapochagua hoteli angalieni ramani na msilale jirani na reli. Wisconsin Ijumaa kila mgahawa hukaanga samaki, na mara nyingi unga wake huchanganywa na bia. Kama nyumbani kwenu mnakula halali, ulizeni, ombeni wa kuoka. Nyama nunueni kwa wauza nyama Wasomali wa Minneapolis kabla hamjatoka, na mama akiwapikia chapati na sambusa za siku mbili za mwanzo, mtashukuru mkiwa njiani. Mdogo lazima awe kwenye kiti chake cha watoto. Sheria hutofautiana jimbo hadi jimbo, na yenye masharti makali ndiyo ya kufuata safari nzima.

Bado nina deni la haki kwa shemeji kuhusu kusini. Moteli ya Lorraine kule Memphis, alikouawa Martin Luther King tarehe 4 Aprili 1968, sasa ni makumbusho. New Orleans ina Congo Square, walikocheza ngoma zao watu waliotekwa Afrika, na nje ya mji kuna shamba la Whitney, linalosimulia utumwa kutoka upande wa watumwa. Hayo yote yanastahili akili iliyolala vizuri. Yafanyeni wakati wa likizo ya shule ya masika au Novemba, mkipanda ndege mpaka Memphis na kukodi gari kushuka New Orleans, saa sita. Ubaya wa mpango huu siufichi: mama atakuwa ameshaondoka. Kama yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, anasema anataka kuona Memphis kabla ya kurudi Tanga, basi zitumieni siku nne za kipande cha pili kwa hilo, mruke kwa ndege naye, na Alma na La Crosse ziwasubiri, maana nyinyi ndio wenye makazi hapa. Lakini aulizwe yeye. Mara nyingi watoto hupanga safari kwa jina la mzazi, naye hukubali kila kitu kwa adabu.

Sienna ya 2011 haina ubaya ikitunzwa. Ipelekeni kwa fundi mnayemwamini wiki mbili kabla, aangalie matairi likiwemo la akiba, breki, maji ya rejeta, mikanda ya injini, na apime kiyoyozi gari likiwa limesimama, kwa sababu vingi hupoza barabarani na kufa kwenye foleni. Akisema kiyoyozi kina shida na hela ya kukitengeneza haipo, kodini gari. Kwa mgonjwa wa presha Julai, hilo halina mjadala.

Vyumba vya Itasca hujaa miezi kabla, kwa hiyo anzieni simu hapo leo. Vikikosekana, laleni Park Rapids au Bemidji na muingie hifadhini asubuhi mapema. La Crosse na Dubuque wekeni nafasi katikati ya wiki, na mchague hoteli zinazoruhusu kufuta bila kulipa, mpaka daktari wa mama atakapokuwa amesema neno lake.